Vidole vinauma ukijifunza gita? Pima gita kwanza, vidole baadae

Masoko ya tumbaku yakiisha na watu wakiwa wameshika hela kidogo, hapa Tabora utaona vijana wananunua magita. Mwingine anachukua la mtumba kwa rafiki yake, mwingine anaagiza Dar linakuja na basi likiwa kwenye kimfuko chembamba, limegongwa kila kituo. Pita Isevya au Ng'ambo baada ya wiki mbili tatu uulizie hayo magita, unakuta limening'inizwa ukutani linakula vumbi, na mwenyewe ukimuuliza anakwambia "kaka vidole vinawaka moto, nadhani mikono yangu sio ya gita."

Hiyo kauli mi siikubali. Nimeshika magita mengi ya wanafunzi na wanakwaya humu mjini, na mara nyingi tatizo sio vidole laini, ni gita lenyewe: nyuzi zimekaa juu mno kutoka kwenye shingo, hata mtu aliyepiga gita nusu ya maisha yake akilishika lazima akunje uso. Kwahiyo tutaanza na gita, ndio tuje kwenye mkono, halafu ngozi, mwisho kabisa mambo ya hospitali kwa wale ambao maumivu yao yamevuka mpaka. Naandikia mtu anayebonyeza nyuzi kwa mkono wa kushoto, kama wewe ni wa shoto geuza tu.

Hatua ya 1: Jua unaumwa wapi

Hapa usipaparuke. Kaa, angalia mkono wako, sema ni wapi hasa.

Kama ni ncha za vidole tu, zile zinazogusa uzi, zina mstari mwekundu uliobonyea, zinachoma ukigusa kikombe cha chai au maji ya moto, hayo ni maumivu ya mwanzo ambayo kila mpiga gita duniani kapitia. Ngozi inajenga sugu. Mtu anayepiga kidogo kila siku huwa anaanza kuona nafuu ndani ya wiki mbili mpaka nne, na hamna dawa ya kuruka hapo katikati.

Kama kinachouma ni ile nyama nene chini ya kidole gumba, hiyo ni dalili kwamba unaikaba shingo ya gita. Kama ni kifundo cha mkono, umekikunja vibaya. Bega la kulia likiuma mara nyingi gita ni kubwa kwako au umekaa nalo vibaya, yaani unapandisha bega ili mkono upite juu ya bodi. Na kama kuna ganzi, au vidole vinachomachoma kama umekalia mkono, au usiku unaamshwa na maumivu, wewe usiendelee na hatua ya pili, ruka moja kwa moja mpaka hatua ya 8.

Wakulima wengi huwa wananishangaa hapa, mtu anakwambia mimi nalima, nashika jembe tangu niko mdogo, mikono yangu ni migumu, iweje uzi mwembamba hivi unitoe machozi? Angalia kiganja chako. Sugu la jembe linakaa kwenye mashina ya vidole na kwenye kiganja. Ncha za vidole jembe haligusi kabisa, ni laini sawa na za karani wa ofisini. Kwahiyo wote mnaanza sifuri.

Hatua ya 2: Pima gita

Chukua rula ya shule. Rula nyingi zina kipande kidogo kabla ya sifuri, hicho kitakudanganya, kwahiyo kikate kwa wembe au kisugue kwenye sakafu ya sementi mpaka mstari wa sifuri uwe ndio mwisho wa rula. Hesabu freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, kuanzia kichwani mpaka ya 12, mara nyingi ina vidoti viwili. Simamisha rula juu ya chuma cha freti hiyo, upime mpaka chini ya uzi. Anza na uzi mnene wa juu, halafu mwembamba wa mwisho.

Kwa gita la nyuzi za chuma, milimita 2.5 kwenye uzi mnene na 2 kwenye mwembamba ni gita zuri la kujifunzia. Ikiwa 3 unaweza ukavumilia. Ikivuka 3.5 hapo unajitesa bure ndugu yangu, na nimeona magita yana milimita 5 mtu anaambiwa "komaa tu utazoea." Hatazoea, ataacha. Gita la nyuzi za nailoni lenyewe ni kawaida kuwa na 4 kwenye mnene na 3 kwenye mwembamba maana nyuzi zake zinacheza sana zikipigwa, ila haziumi vile kwasababu ni laini na hazijavutwa sana.

Sasa nenda kule kichwani, kwenye kile kipande cheupe chenye mifereji ambapo nyuzi zinapita. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, halafu chungulia freti ya kwanza. Uzi unatakiwa uwe karibu kugusa chuma, nafasi ya unywele tu. Kama unaona mwanga wa kutosha hapo, ndio maana kodi (nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja zitoe sauti moja) zote za freti ya kwanza zinakuua, F ndio usiseme, na utadhani ni wewe.

Ukishajua tatizo, kuna sehemu nne za kuangalia, na usizifanye zote kwa mkupuo.

Ya kwanza ni shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine bonyeza pale shingo inapokutana na bodi, mwambie mtu achungulie freti ya 7. Panatakiwa pawe na nafasi ndogo ya kupitisha kadi ya mwaliko wa harusi. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imevutwa mbele na nyuzi. Magita mengi ya nyuzi za chuma yana chuma ndani ya shingo, kinazungushwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) kupitia tundu lililopo kichwani au ndani ya lile shimo la sauti. Kukaza kuelekea mshale wa saa kunanyoosha shingo. Robo mzunguko tu, uache litulie, tyuni upya, upime tena. Kikigoma kuzunguka usilazimishe, ukikikata hicho chuma gita limekwisha. Magita mengi ya nailoni hayana kabisa hiki kitu.

Ya pili ni kile kipande cheupe kirefu kilichosimama kwenye daraja, kule chini ambapo nyuzi zinafungwa. Hiki mara nyingi ni cha plastiki, kinachomoka ukilegeza nyuzi. Unakisugua upande wa chini kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo au kigae, unakisimamisha wima kisije kikawa na mgongo. Hesabu yake ndio watu wanakosea: freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwahiyo ukitaka kushusha milimita 1 pale freti ya 12 inabidi upunguze milimita 2 huku chini. Weka alama ya penseli kwanza. Sugua kidogo, rudisha, pima, rudia. Ukizidisha nyuzi zitakoroma, na hapo utatafuta kipande kingine.

Ya tatu ni ile mifereji ya kichwani. Hiyo mwachie fundi aliyewahi kuifanya, sio fundi seremala wa vitanda hata kama ni shemeji yako, maana mfereji ukizama nusu milimita zaidi uzi unakoroma bila kubonyezwa na itabidi utafute kipande kingine.

Ya nne, angalia daraja lenyewe. Chukua karatasi, jaribu kuiingiza chini ya daraja kwa nyuma. Ikiingia, gundi imeachia, legeza nyuzi leo hii. Hapo fundi seremala mzuri anaweza kusaidia, ila abandue, asafishe gundi ya zamani, abandike kwa gundi ya mbao na kubana usiku mzima. Misumari na skrubu hapana.

Kuna jambo la hapa kwetu halisemwi kwenye video za watu wa nje. Kuanzia Juni mpaka Oktoba Tabora ni kukavu kwelikweli, mbao inapoteza maji na inasinyaa, ila chuma cha freti hakisinyai. Matokeo yake vichwa vya freti vinatokeza pembeni ya shingo, ukiteleza mkono vinakukwaruza mpaka damu inatoka, na mtu anadhani gita limeharibika. Fundi anaweza kuvisaga kwa faili ndogo. Kuzuia, weka kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri ndani ya kisanduku cha sabuni ulichokitoboa matundu, kiweke ndani ya begi la gita, sio ndani ya gita lenyewe maji yakachuruzika. Mvua zikianza Novemba mambo yanageuka, mbao inavimba, ubao wa mbele unapanda na nyuzi zinapanda nao, kwahiyo gita lililokuwa laini Septemba linaweza kuwa gumu Januari na wewe hujabadilika chochote. Pima mara mbili kwa mwaka. Na usiliache kwenye chumba cha bati lisilo na dari mchana wa Oktoba, joto lile linalegeza gundi.

Hatua ya 3: Badilisha nyuzi, na ushushe tyuni

Nyuzi zenye kutu zinakata ngozi, hata sugu likishajengeka zinalichana. Pitisha kidole, kama kinatoka na weusi au unahisi mikwaruzo, toa zote sita.

Ukienda kununua angalia namba ya uzi mwembamba kwenye pakiti. Pakiti nyingi za gita la kawaida ni 12, wanaandika .012, na seti hiyo ikityuniwa kawaida inavuta shingo kwa jumla ya kilo 70 na kitu. Wewe unayeanza tafuta 10, mvutano unashuka mpaka kama kilo 55 hivi na vidole vitaona tofauti siku hiyohiyo. Sauti inakuwa nyembamba kidogo, kwani unarekodi? Nailoni zipo kwenye kama kilo 40. Lakini nisikilize vizuri hapa: usifunge nyuzi za chuma kwenye gita lililotengenezwa kwa nailoni, zitang'oa daraja. Nimeliona hilo kwenye kwaya zaidi ya moja, na huwa linang'oka katikati ya mazoezi kwa kishindo watu wakatawanyika.

Kama nyuzi nyepesi hazipatikani dukani, shusha tyuni. Nguvu ya uzi inaenda na mraba wa sauti yake, kwahiyo ukishusha nusu toni mvutano unapungua kama asilimia 11, ukishusha toni nzima unapungua kama asilimia 20. Shusha toni nzima kwenye nyuzi zote, halafu kama una kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni) ibane freti ya pili, sauti inarudi palepale pa kawaida ila nyuzi ni laini, ziko karibu na ubao, na freti zimesogeleana. Kwa mtoto au mtu mwenye vidole vifupi hii ndio njia ya haraka kuliko zote.

Na asikudanganye mtu kwamba huko ni kudeka. Tony Iommi, mpiga gita wa bendi ya Black Sabbath ya Uingereza, ambaye anabonyeza kwa mkono wa kulia kwasababu ni wa shoto, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani huko Birmingham akiwa na miaka 17. Akajitengenezea kofia za vidole kwa plastiki aliyoyeyusha akazivika ngozi, akafunga nyuzi nyepesi, baadae akashusha tyuni ili nyuzi zilegee. Ile sauti nzito watu wanayoisifia imetokea humo.

Hatua ya 4: Bonyeza kidogo, bonyeza mahali sahihi

Kidole kinakaa nyuma tu ya chuma cha freti, kiiguse kwa pembeni. Ukibonyeza katikati ya freti mbili unahitaji nguvu nyingi zaidi na bado uzi unakoroma. Ukipanda juu ya chuma chenyewe sauti inakufa.

Fanya zoezi hili leo. Kidole cha kati kwenye uzi wa tatu kuhesabu kutoka chini, freti ya pili. Usibonyeze, gusa tu. Piga kwa mkono wa kulia, utasikia "tk". Ongeza nguvu kidogo huku unaendelea kupiga, itakuja sauti ya kukoroma, ongeza tena kidogo, sauti inatoka safi. Simama hapohapo. Nguvu hiyo ndio inayotakiwa, yote uliyokuwa unaongeza juu yake ilikuwa inaumiza kidole bila kubadilisha sauti. Wanafunzi wengi hapa huwa wanacheka maana wanagundua walikuwa wanabonyeza mara mbili au tatu ya kinachohitajika. Rudia kwa kila kidole, cha mwisho kitasumbua, ni kawaida yake.

Kidole kisimame, kipinde kwenye viungo vyote, uguse kwa ncha na sio kwa tumbo la kidole. Kucha za mkono wa kushoto kata mpaka zisionekane ukiangalia kiganja. Dada zangu wa kwaya najua kucha zina gharama, basi chagua, au acha za mkono wa kulia tu, huko zinasaidia kung'uta.

Hatua ya 5: Gumba, kifundo na kiti

Gumba likae nyuma ya shingo, takribani mkabala na kidole cha kati, limelegea. Jaribio lake: shika kodi ya Em, halafu ondoa gumba kabisa, piga. Sauti inatakiwa itoke walau kidogo, kwasababu nguvu inatoka kwenye uzito wa mkono unaovutwa nyuma na kiwiko, wakati mkono wa kulia umeshikilia bodi. Kama kila kitu kinaanguka ukiondoa gumba, ulikuwa unabana, na ile nyama ya chini ya gumba ndio inalipa.

Kifundo kinyooke. Wanaokunja sana mara nyingi wana tabia moja, wanalaza gita liangalie juu ili waone vidole vyao. Lisimamishe, ukitaka kuona sogeza shingo yako wewe, au piga bila kuangalia.

Kiti ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kigoda cha jikoni kinapandisha magoti mpaka gita linakugusa kidevu, kitanda kinabonyea unapinda mgongo, na mkeka ndio kabisa. Tafuta kiti cha plastiki kisicho na mikono, miguu chini, gita lipande kidogo kichwa chake kiwe juu ya usawa wa bega la gita. Ukiweka mguu wa kushoto juu ya tofali na gita juu ya paja la kushoto, kifundo kinanyooka chenyewe. Au tumia mkanda hata ukiwa umekaa.

Bodaboda, hapa kuna lenu. Klachi iko mkono wa kushoto, unaivuta kutwa nzima Kanyenye mpaka Ipuli na kurudi, jioni unachukua gita unataka mkono huohuo ubane tena. Kano za mkono zimeshachoka. Piga asubuhi kabla hujatoka, au jioni uupumzishe mkono kwanza, ule, uoge, ndio ushike gita. Na anayeshinda na jembe hivyohivyo.

Hatua ya 6: Ratiba ya wiki za mwanzo

Kidogo kila siku. Kupiga masaa mawili Jumapili halafu kukaa mpaka Jumapili nyingine kunakupa malengelenge bila sugu.

Wiki ya kwanza dakika 5 mpaka 10, mara mbili au tatu kwa siku, zimeachana. Tumia kodi nyepesi: Em ya vidole viwili, G ya kidole kimoja tu (uzi mwembamba freti ya tatu, piga nyuzi nne za chini), C ya kidole kimoja (uzi wa pili freti ya kwanza, piga nyuzi tatu za chini). Hizo zinatosha kuimba nyimbo kibao. Wiki ya pili ongeza mpaka dakika 15 na uweke Am na D. Wiki ya tatu na kuendelea unaweza kufika nusu saa, ila kila dakika 10 weka gita chini, tikisa mikono, fungua na kufumba vidole.

Kidole kikianza kuchoma usiache mazoezi, acha kubonyeza. Kuna kazi ya mkono wa kulia: ziba nyuzi kwa kulaza vidole juu yake bila kubonyeza, ufanye ridhim peke yake. Huu mji umetoa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz, na ukisikiliza muziki wa zamani wa magita utagundua nusu ya utamu ni mkono wa kulia unaotembea bila kukosea. Wanafunzi wanaupuuza huo mkono kabisa, wanahangaika na vidole vya kushoto tu.

Hatua ya 7: Ngozi

Usipige gita ukitoka kufua, kuosha vyombo au kuoga. Ngozi ikilowa inakuwa laini, uzi unaikata. Subiri ikauke kabisa, nusu saa hivi. Mafuta ya mgando yapake usiku ukienda kulala, sio kabla ya kupiga.

Ukitoka kuchuma tumbaku, ule utomvu mweusi unaonata usiupeleke kwenye nyuzi, osha kwa sabuni na usubiri. Utomvu unakamata vumbi, vumbi linaleta kutu.

Lengelenge likitokea usilipasue. Pumzisha kidole hicho, lenyewe litakauka. Likipasuka lenyewe osha kwa maji safi na sabuni, usichune ile ngozi, funika, subiri lipone. Sugu likianza kubanduka pembeni usiling'ate wala kulichuna, lisugue taratibu na faili ya kucha usawa uwe sawa, la sivyo linanasa kwenye uzi na kung'oka lote.

Kuchoma vidole na moto wa mshumaa, kuvipaka supaglu, kuviloweka kwenye spiriti, hayo nimeyasikia yote na yote yaache. Ngozi iliyokaushwa kwa nguvu inapasuka. Asali yetu ni nzuri, ila haijengi sugu, na kwenye nyuzi utaita siafu. Na vidonge vya maumivu usimeze ili upate kuendelea kupiga, unazima kengele wakati moto bado unawaka.

Mwenye kisukari asiache kidonda cha kidole kijiponee chenyewe, akionyeshe mapema kituo cha afya hata kama ni kidogo.

Ile F sasa, kodi ambayo kidole cha shahada kinalala kukatiza nyuzi zote freti ya kwanza, maana najua umefika hapa unaitafuta. Usiiguse kabla kodi nyepesi hazijatulia. Ukifika wakati wake, kidole cha shahada usikilaze kwa tumbo, kigeuze kidogo kiegemee upande wake wa gumba ambako ni mfupa, kisogee karibu na freti. Uzito utoke kwenye kiwiko kinachovuta nyuma. Usijaribu kubonyeza nyuzi zote sita kwa usawa kwasababu vidole vingine vimeshazishika tatu, cha shahada kinahitajika kwenye uzi mnene na zile mbili nyembamba tu. Anza kuifanyia mazoezi freti ya 5 ambako ni rahisi, halafu ushuke moja moja mpaka ya kwanza. Dakika mbili kwa siku, basi. Anayeifanyia nusu saa mfululizo ndio huyo anakuja kesho hawezi kufungua chupa ya soda.

Hatua ya 8: Hapa acha gita

Ganzi kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, hasa usiku, ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo. Ganzi kwenye cha mwisho na nusu ya cha pete mara nyingi inatokea kwenye kiwiko kilichokunjwa muda mrefu. Kidole kinachokwama kimekunjwa halafu kinafyatuka, hiyo ni kano imevimba kwenye njia yake. Na maumivu upande wa gumba kwenye kifundo: fumbata gumba ndani ya ngumi, uinamishe ngumi taratibu kuelekea kidole cha mwisho, ukiruka kwa maumivu ujue kano za gumba zimeathirika.

Katika hayo yote, pumzisha mkono kabisa. Ikiwa maumivu yanabaki hata umepumzika siku kadhaa, au kuna uvimbe, au unaangusha vitu, au ganzi haiondoki, nenda hospitali. Kwa Tabora mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Kitete, kwa ndugu zetu wa Kigoma ipo Maweni. Ukifika waambie unapiga gita, waonyeshe mkono unavyokaa, taja na kazi unayofanya kutwa, maana daktari akisikia "mkono unauma" tu atakupa dawa ya maumivu urudi nyumbani. Uliza pia kuhusu mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kukandwa na mtu wa mtaani anayevuta vidole mpaka vilie usikubali, kano iliyovimba inazidi.

Mtoto mdogo akilalamika mwamini. Mtafutie gita dogo la robo tatu lenye nailoni, sio kumlazimisha kwenye la baba yake.

Na msimu wa kilimo ukikuweka mbali na gita miezi miwili mitatu, sugu linaondoka. Kumbukumbu ya kodi inabaki, vidole vinataka kupiga kama zamani, ngozi haiko tayari. Rudi na dakika 10 za wiki ya kwanza kwa siku chache, nyuzi ukiwa umeshazibadilisha, halafu ndio uongeze.